Kidete: je, ni lazima mtu awe amesimama?

Binti wa Mwisho

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa neno moja tu, ila mnivumilie, maana siwezi kuliuliza bila kueleza lilikotoka.

Mama yangu amefariki wiki tatu zilizopita. Familia imenipa kazi ya kuandika wasifu wake, nitausoma mwenyewe Jumamosi ijayo mbele ya ndugu na majirani. Ni ukurasa mmoja na nusu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Sehemu kubwa imekaa vizuri: alizaliwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alijaliwa watoto wangapi. Nimekwama kwenye sentensi moja, na ndiyo ninayoijali kuliko zote.

Baba alipofariki, mama alikuwa ameshapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, hasimami wala hatembei. Miezi michache baada ya msiba wakaja ndugu wa upande wa baba na karatasi ya kuuza nyumba. Walikuwa wanne. Walikuja na wino wa kutilia dole gumba kabisa, kwa sababu walijua mkono wake wa kuandikia hauna nguvu tena. Mimi nilikuwa mlangoni. Wakazungumza saa nzima, kwa zamu, mara kwa upole, mara kwa sauti ya juu. Mama akawasikiliza. Kisha akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akausukumiza chini ya paja, halafu na ule wa kushoto akauingiza chini ya paja la pili. Akaikalia mikono yake yote miwili. Akasema, "Sitii dole." Hakutamka neno jingine mpaka walipoondoka, na waliondoka jua limeshazama. Mwaka ule walirudi mara mbili. Mara zote mbili mama aliikalia mikono. Haya ninayaandika nikiwa ndani ya nyumba hiyohiyo.

Basi mimi niliandika: "Mama alikaa kidete."

Mjomba wangu, kaka yake mama, amefundisha Kiswahili sekondari zaidi ya miaka thelathini. Nikampa asome. Neno "alikaa" akalikata kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "alisimama". Nilipomuuliza akanijibu, "Kidete ni ya kusimama, mwanangu. Mtu hakai kidete."

Namheshimu sana mjomba, na Kiswahili changu kizuri chote nimekipata kwake. Lakini watakaokuwepo siku hiyo wote wanajua kwamba mama hakusimama kwa miaka tisa. Wengine wao ndio waliokuwa wakimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Nikisoma "alisimama", naona kama namvika miguu ambayo hakuwa nayo. Na alivyoshinda, alishinda akiwa amekaa. Ndiyo habari yenyewe.

Kaka yangu anasema niandike tu "alikuwa na msimamo", yaishe. Sitaki. Msimamo ni neno la kila mtu: chama kina msimamo, serikali ina msimamo, hata ligi ya mpira ina msimamo wake kila Jumatatu gazetini. "Imara" nayo naiona ni ya meza.

Mwenye kulijua neno hili anisaidie. Kidete hasa maana yake nini? Na ni lazima liandamane na kusimama?

Mzee wa Sarufi

Pole sana, binti. Mungu amlaze mama mahali pema. Nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kugusa kibodi, kwa sababu limebeba mambo mawili, na mjomba wako amejibu moja tu.

Nianze na alilojibu. Kidete ni kielezi. Si nomino, si kivumishi. Lijaribu mwenyewe: huwezi kusema "mtu mdete" wala "moyo mdete". Huwezi kuliuliza "kidete hiki ni cha nani?" Halina wingi. Watu mia moja wakigoma kuhama, wamesimama kidete, hawasimami "videte". Hiyo *ki-* ya mwanzo si ile ya kiti na viti. Ni ile inayotuambia jambo limekaaje, na ukiitazama kwa makini utaona inapenda sana mikao ya mwili. Mtu hukaa *kitako*. Hulala *kifudifudi*, hulala *kiubavu*, hulala *kingalingali*. Husimama *kidete*. Kila mkao una neno lake, na maneno haya hayapendi kubadilishana vitenzi. Hakuna anayelala kitako. Ni kama *fofofo* ilivyoolewa na kulala, *chepechepe* na kuloa, *pomoni* na kujaa, *katakata* na kukataa. Ukisema "amekaa fofofo" msikilizaji anaelewa unachotaka, lakini sikio lake limejikwaa. Hicho ndicho alichokisikia mjomba wako, na kama mwalimu ningeivuta kalamu nyekundu ileile.

Sasa lile la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Je, kusema "alisimama kidete" ni kusema uongo kuhusu mtu asiyeweza kusimama?

Hapana. Na nitakuonyesha kwa lugha yenyewe, si kwa kukufariji. Kitenzi *simama* kimeshaondoka miguuni siku nyingi. Mvua inasimama. Saa ya ukutani inasimama. Kesi inasimamiwa, mirathi inasimamiwa, mtihani unasimamiwa na mtu aliyeketi mbele ya darasa. Ndani ya simama kuna kile kipande *-ama* kilichomo katika inama, kwama, tuama, fichama. Ni vitenzi vya kitu kinachoingia katika hali fulani kikabaki humo. Maji yakituama hayana miguu. Tazama pia ndugu yake wa shina moja, *simika*. Tunasimika nguzo, ndiyo, lakini tunasimika pia askofu. Na askofu anaposimikwa hufanywa nini? Hukalishwa kitini! Ibada yote ile ya kusimikwa kilele chake ni mtu kuketi, na hajatokea Mswahili akasema neno limekosewa.

Kwa hiyo shina lilelile ambalo wewe unaogopa halimfai mama yako kwa sababu amekaa, Waswahili wanalitumia kwa aliyekalia kiti, tena kwa heshima kubwa.

Kuhusu maana. Umesema imara unaiona ya meza, na umesikia vizuri. Imara ni neno pana: meza imara, daraja imara, uchumi imara, afya imara. Thabiti limetoka kwenye Kiarabu, kulekule linakotoka kuthibitisha, kwa hiyo linabeba ukweli usiotikisika: ushahidi thabiti, moyo thabiti, imani thabiti. Kidete ni finyu kuliko yote mawili, na ufinyu huo ndio nguvu yake. Linadai vitu viwili. La kwanza, awepo mwenye nia, mwenye uwezo wa kurudi nyuma na bado asirudi. Hatusemi kabati limesimama kidete. Mshairi akisema mti ulisimama kidete mbele ya tufani, ameshaugeuza mti kuwa mtu. La pili, awepo anayesukuma. Pasipo anayesukuma hakuna kidete. Mtu aliye peke yake chumbani, hana anayembishia, anaweza kuwa thabiti, anaweza kuwa imara, lakini hajasimama kidete bado, kwa sababu hajasimama mbele ya kitu.

Mama yako alikuwa na wanne mbele yake, na wino mezani. Neno ulilochagua ndilo lenyewe. Nakuomba tu umrudishie kitenzi chake.

Dawati la Habari

Pole kwa msiba, dada. Mzee wa Sarufi shikamoo, na naomba nikupinge kidogo.

Mimi kazi yangu ni kuhariri habari, na kidete napambana nalo kila siku. Wanaoandika kutoka upande wa Kenya wananiletea "walipinga kidete mswada huo", "alimtetea mteja wake kidete", "wamekana kidete". Hakuna simama hapo popote, na wasomaji hawajikwai. Maana yake kidete limeshatoka kwenye ile ndoa unayoisema. Limekuwa kielezi cha kawaida chenye maana ya "bila kurudi nyuma". Sasa kama mtu anaweza kupinga kidete, kwa nini asikae kidete? Lugha inatembea. Dada huyu ana sababu nzito kuliko mwandishi wa habari aliyekuwa na haraka ya kufunga ukurasa.

Makosa ninayoyakata mimi ni mengine. Moja ni "timu hiyo iliibuka kidete". Hapo mwandishi alitaka *kidedea*, yaani kuwa mshindi, maneno yakamgongana kichwani. Ni maneno mawili tofauti kabisa: aliyeibuka kidedea ameshamaliza mapambano, aliyesimama kidete bado yumo ndani yake, na anaweza hata kushindwa mwishoni akabaki amesimama kidete. Jingine ni la kurundika: "alisimama imara kidete bila kutetereka". Maneno matatu yanafanya kazi ya moja, na yote matatu yanatoka dhaifu.

Kwa hiyo dada, kura yangu: acha "alikaa kidete".

Binti wa Mwisho

Ahsanteni sana nyote. Hiyo ya kusimikwa imenitoa machozi, sikutegemea. Mzee, naomba kuuliza: kama Dawati la Habari anasema kweli kwamba watu wanapinga kidete na kutetea kidete, bado unalikataa langu?

Mzee wa Sarufi

Marahaba, Dawati. Umesema kweli na sikubishii. Kupinga kidete na kutetea kidete vipo, na vinasomeka.

Lakini tazama ni vitenzi gani vilivyolikubali neno: pinga, tetea, kana, pigania. Vyote ni vitenzi vya makabiliano. Mle ndani tayari yumo anayesukuma, kwa hiyo kidete limehama nyumba tu, halijabadilisha kazi. Kukaa si kitenzi cha makabiliano. Ni kitenzi cha mkao, tena ni cha mkao *mwingine*, wenye neno lake ambalo ni kitako. Na kitako kina maana yake iliyokomaa: tukisema "tukae kitako tulizungumze", tunamaanisha tutulie, tusikilizane, tuelewane. Ndicho walichokuwa wakikitaka wale wanne! Ukisema alikaa kidete, msikilizaji analazimika kuchagua kati ya picha mbili zinazovutana. Kwenye shairi ningeliacha, maana shairi lina nafasi ya kusomwa tena. Kwenye wasifu unaosomwa kwa sauti, mbele ya watu wenye majonzi, sentensi ina nafasi moja tu ya kuingia sikioni.

Ndiyo sababu yangu yote.

Mama wa Watatu

Poleni na msiba. Mimi si mtu wa sarufi, ila nimelea, na kuna neno ambalo hamjalitaja.

Mtoto anapokaribia kutembea, kuna siku anaachia. Alikuwa ameshikilia ukingo wa kitanda au goti lako, mara mikono inaachia na yeye hajui kama ameachia. Magoti yanatetemeka, mikono iko hewani, tumbo mbele. Hapo sisi tunapiga makofi na kumwimbia, "Simama dede! Simama dede!" Anasimama kwa pumzi mbili, tatu, halafu pu, kitako chini. Hiyo ndiyo dede. Ni kusimama bila kushikwa wala kuegemea, na kusimama kwenyewe ni kwa mashaka.

Nimekuwa nikisikia watu wakisema kidete limetokana na dede kwa sababu yanafanana. Kufanana kwa sauti si ushahidi, na maana zake zinapishana: anayesimama dede anaweza kuangushwa na upepo wa mlango, anayesimama kidete haangushwi. Lakini nikisoma habari za mama yako nimeyaona yote mawili kwa pamoja. Mwili wake haukuweza hata dede. Yeye mwenyewe alikuwa kidete.

Sijui kama hilo linakusaidia kwenye wasifu. Nimeona nilitaje tu, kwa sababu nina hakika naye aliwahi kukuimbia simama dede.

Mkalimani

Binti, makiwa.

Wenzangu wamelichambua neno. Mimi nataka kuzungumzia watakaolisikia, kwa sababu umesema ndugu watakuwepo, na nadhani baadhi ya wale wanne watakuwepo pia.

Katika kazi yangu ya ukalimani nimejifunza kwamba maneno ya kusimama imara hayakai katikati. Kila moja limeshachagua upande. Tendo moja, mtu mmoja, siku moja: aliye upande wako atasema *alisimama kidete*, *hakutetereka*, *alishikilia msimamo wake*. Aliye upande wa pili atasema *aling'ang'ania*, *alikaidi*, *alishupaza shingo*. Hakuna anayedanganya, kila mmoja anaeleza kutoka alipokuwa amekaa. Nina hakika kuna nyumba ambamo habari ya mama yako husimuliwa kwa neno ukaidi, na kumaliziwa na ile methali ya mkaidi kutofaidi hadi siku ya Idi.

Lipo neno moja ambalo limevuka mto mbele ya macho yetu, nalo ni *shupavu*. Kushupaa ni kuwa mgumu, kukauka kusikopindika. Katika Biblia ya Kiswahili, Mithali 29:1, anayeonywa mara nyingi akashupaza shingo huvunjika ghafula. Hiyo ni lawama. Lakini leo ukimwita mtu shupavu umemsifu: kiongozi shupavu, mwanamke shupavu. Ugumu uleule, zamani ulikuwa kosa la shingo, sasa ni sifa ya moyo. Kwa sababu hiyo nisingekushauri useme "mama alikuwa shupavu" mbele ya wazee. Wapo watakaosikia sifa, na wapo watakaosikia shingo.

Yapo pia maneno yaliyochoshwa na siasa. Waliokuwepo Tanzania karibu na uchaguzi wa mwaka 2000 watakumbuka *ngangari* ya wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF, na polisi wakajibu kwamba wao ni *ngunguri*. Neno tamu, linatafunika mdomoni, lakini hadi leo ukilitamka mtu anaiona bendera. Halifai msibani.

Na kwa waumini wa Kiislamu lipo *istikama*, kunyooka katika njia bila kupinda, husikika sana kwenye mawaidha. Ni zuri mno, ila ni la dini na linahusu mwendo wa maisha mazima. Siku moja na karatasi moja ni kitu kingine.

Kidete lina bahati. Sijawahi kulisikia likitumika kumlaumu mtu. Hata anayekuchukia, akisema ulisimama kidete, ameshakuvulia kofia bila kukusudia. Kwa hiyo ukilisoma mbele yao, hujawatukana na wala hujapunguza kitu. Wao wenyewe watajua ni nani aliyekuwa akisukuma, kama alivyosema Mzee wa Sarufi, bila wewe kuwataja. Usiwataje. Neno litawataja.

Nimalizie na la kazi. Usiweke sababu mbele ya kidete wala sifa nyuma yake. "Kwa ujasiri mkubwa alisimama kidete bila woga" ni sentensi ya hotuba. Eleza alichofanya kwa mikono yake, neno liweke kando yake, nyamaza.

Dawati la Habari

Mkalimani amesema vizuri kuliko mimi. Dada, naiondoa kura yangu, naiweka hapo kwake. Ile mikono ndiyo habari. Mhariri yeyote angekuambia hivyo: usiipoteze mikono.

Mwanafunzi wa Usiku

Samahani kuingilia, pole sana dada. Naomba kuuliza kwa faida yangu: je, ni "alisimama kidete kutetea nyumba" au "alisimama kidete kwa ajili ya nyumba" au "dhidi ya ndugu"? Naona yote yanaandikwa.

Mzee wa Sarufi

Yote yanakubalika, kijana, ila hayasemi jambo moja. "Kutetea" linaonyesha kinacholindwa. "Dhidi ya" linaonyesha anayepingwa. "Katika" linaonyesha unachoshikilia: alisimama kidete katika imani yake. Wengine huandika "alisimamia kidete haki zake", nayo ni sahihi, kwa kuwa simamia inabeba kinachosimamiwa.

Lakini mara nyingi neno hili linapendeza likiachwa peke yake mwishoni. Alisimama kidete. Nukta.

Binti wa Mwisho

Wanajukwaa, nimerudi. Jana usiku nilikaa na mjomba, nikamsomea majibu yenu kutoka mwanzo. Nilipofika kwenye askofu anayesimikwa akacheka na kusema, "Huyo ni mwalimu wa kweli." Nilipofika kwa Mama wa Watatu alinyamaza kwa muda. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua: mama ndiye aliyemfundisha yeye kusimama. Walipishana miaka saba, na bibi alikuwa shambani kutwa, kwa hiyo dada mtu ndiye aliyemlea. Amesema hakumbuki, alisimuliwa tu, kwamba mama alikuwa akimwachia mikono uani na kuruka nyuma hatua moja, akiimba dede.

Nikamuuliza kama ndiyo sababu ya kukata lile "alikaa" kwa nguvu vile, mpaka karatasi ikachanika kidogo. Hakujibu. Akaniomba karatasi.

Tuliandika pamoja. Nilitaka kuanza na kiharusi, yeye akasema wote wanajua, anza na miaka. Nilitaka kutaja idadi ya waliokuja, yeye akasema kama alivyosema Mkalimani, hata kabla sijamsomea hapo: usiwataje. Nilitaka kuandika "mikono yake yote miwili", akasema mtu ana mikono mingapi, toa. Nikakataa. Nikamwambia ule wa kulia ulikuwa hausikii chochote, angeweza kuuacha nje, lakini ndio waliokuwa wanauwinda wale, kwa hiyo aliuficha kwanza. Akafikiri, akasema, "Basi iache 'yote miwili'."

Hivi ndivyo itakavyosomwa Jumamosi:

*Kwa miaka tisa mama hakusimama kwa miguu yake. Lakini siku ulipoletwa wino ili nyumba hii iuzwe, aliikalia mikono yake yote miwili, akasema, "Sitii dole." Alisimama kidete.*

Mjomba aliisoma kwa sauti mara mbili, ya pili akiwa amesimama. Kisha akachukua ile kalamu nyekundu, akabadilisha koma moja, akairudisha ilivyokuwa.